Le Niliyoiandika La

Donatus W. Luhende,
Kakola, Bulyanhulu,
S.L.P. 96, Kahama,
Tanzania.

Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa Dada Suzana,

Shikamoo dada yangu. Barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokutesa tangu Pasaka liwe limekubali kupanda ngazi za nyumba yenu ya masista bila kununa. Baridi ya Hispania imeshaanza kuuma? Unavaa soksi za sufu, au bado unajifanya kijana? Na Mzee Anselmo, mtunza bustani wenu, bado anakaa uani na gitaa lake kila baada ya chakula cha mchana? Mpe shikamoo yangu, halafu umfundishe kuitikia marahaba. Mzee mzima hawezi kuamkiwa akabaki anacheka tu.

Huku kwetu mvua za kwanza zimenyesha wiki mbili zilizopita na vumbi la Kakola limegeuka tope. Klara amefanya mtihani wa darasa la nne, anasema ulikuwa rahisi, na mimi neno rahisi kutoka kwa mtoto huwa linanitia wasiwasi. Mama Klara ni mzima. Bado anaimba sauti ya kwanza kwaya, na ubishi wake uko palepale ulipouacha. Shangazi Eufrasia kule Ibadakuli naye ni mzima wa chuma, anaendelea kugombana na ndege za uwanjani zinazotisha kuku wake.

Nasema Shangazi ni mzima kwa sababu nina deni la kukueleza jambo. Hajawahi kulazwa. Mwezi wa nane uliponipigia simu uliniuliza kama ni kweli amelazwa, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, ukawaombesha masista novena ya siku tisa kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa anafukuza kuku. Niliona ujumbe wako baadaye nikanyamaza. Dada, nilisema ndiyo kwa sababu sikusikia swali. Sikusikia hata neno moja ulilosema siku ile.

Tangu hapo umepiga mara nyingi na sijapokea. Nimekuandikia kwamba mtandao haupo, kwamba simu imeisha chaji, kwamba niko kazini. Njia ya mwongo ni fupi na mimi nimefika mwisho wake. Mtandao ulikuwepo. Simu ilikuwa na chaji. Sijakukasirikia, na usiendelee kuniomba msamaha kwa ujumbe, maana kila ninapousoma najiona mtu mbaya. Masikio yangu yanakufa, Dada. Ndilo hilo. Nimeshindwa kuliandika kwenye ujumbe mfupi, ndiyo maana nimenunua stempu.

Unajua nimekuwa kwenye karasha la Herman kwa miaka saba. Pengine hujawahi kuona karasha likifanya kazi: ni pipa kubwa la chuma lenye gololi za chuma ndani, linazunguka kutwa na kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Ukisimama karibu unasikia sauti hiyo kwenye meno. Herman alitununulia vifuniko vya masikio, simsingizii. Tulivivaa wiki moja, vikatutoa jasho, tukavitundika msumarini na hadi leo viko msumarini, vipya kabisa. Tukasema wanaume wa Kakola hawavai masikio ya plastiki.

Mwezi wa sita nilikwenda Mwanza kwa daktari wa masikio. Mama Klara nilimwambia nafuata vipuri vya mashine. Daktari alinifungia kwenye chumba kidogo, akanivisha vitu masikioni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa. Nikangoja. Nilidhani hawajaanza, kumbe walikuwa wanakaribia kumaliza. Akanieleza kwa upole, akiandika nisiposikia, kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na zilizoondoka hazirudi. Zilizobaki zinaweza kubaki nikiacha kelele. Nisipoacha, mwaka mmoja au miwili. Karatasi yake niliikunja mara nne, na nilipofika nyumbani nikaitumbukiza ndani ya tundu la gitaa, mahali ambapo Mama Klara hana haja ya kutafuta kitu.

Ilipaswa niache kazi siku ileile. Sikuacha. Niliogopa kuiambia nyumba yangu kwa nini. Hasira zangu zote zikageukia ule wimbo wa Mzee Anselmo ulionitumia wakati wa Kwaresima, ule uliourekodi dirishani. Nikaapa: kabla uzi mwembamba haujanitoka masikioni, nitaupata wimbo huu wote na kuuweka vidoleni. Nikishauweka vidoleni, masikio yaende yakitaka. Hizo ndizo zilikuwa mbio zangu za mwaka huu, na hakuna aliyejua kwamba nakimbia.

Nikueleze kwa nini ule na si mwingine. Mimi nimepiga gitaa la kwaya tangu nina miaka kumi na sita, na nyimbo zetu zote, ziende kokote, mwisho zinarudi do. Mwalimu Benjamini alitufundisha hivyo na kugonga meza: wimbo usiorudi do haujaisha. Sasa huu wa Mzee unashuka la, so, fa, mi, na hapohapo kwenye mi unakaa. Hauingii ndani. Mara ya kwanza nilidhani simu yako imekata. Nikausikiliza mara ishirini ndipo nikaelewa kwamba mzee amemaliza, tena ameridhika. Usingizi haukuja siku hiyo kwa sababu ya mi moja.

Kuhesabu pia kulinitoa jasho. Duru yake ni ya kumi na mbili: tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Hilo niliona mapema. Kosa langu lilikuwa kuweka mkazo mwanzoni mwa kila fungu kama tunavyofanya kanisani, nao ukawa wimbo wa harusi ya mtu mlevi. Mzee anaweka mkazo mwishoni mwa fungu. Ilinichukua wiki mbili mguu wangu kukubali.

Kucha ndizo zilikuwa vita nyingine. Mtu anayebeba mawe hana kucha, na Mzee anachapa nyuzi zote kwa migongo ya kucha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepukuta maji mkononi. Nikawa nazipaka gundi ile kali ya kubandikia viatu, tone moja kila ukucha, nangoja ikauke. Herman akaniuliza kama nimeanza kwenda saluni. Na kile anachofunga kwenye shingo ya gitaa ili sauti ipande, ulichonionyesha kwenye picha, mimi nimefunga penseli na ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kinafanya kazi vizuri, mwambie.

Sehemu ya dole gumba, kwenye nyuzi nene, niliipata mwenyewe. Niliegemeza kidevu kwenye ubao wa gitaa nikawa naisikia kupitia mifupa. Nikaiandika kwa solfa kwenye daftari la Klara lililobaki kurasa, herufi ya kwanza tu ya kila nota kama tulivyozoea: d, r, m, f, s, l, t. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa na kurasa tano safi.

Lakini unakumbuka katikati, pale mzee anapopanda juu kabisa kwenye uzi mwembamba na kuuacha mkono ukimbie? Mwezi wa pili nilisikia yote hayo. Nilisikia hata shomoro wa uani kwenu. Siku moja ya mwezi wa nane nilikuwa nasikiliza nikagundua shomoro hawapo. Nikarudisha nyuma. Hawapo. Nikasogeza mbele hadi katikati, na pale mkono unapokimbia palikuwa na mkwaruzo tu, halafu kimya, halafu dole gumba likarudi. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo nikiwa na simu mkononi.

Ni wiki hiyohiyo ulipopiga, nikasema ndiyo, ndiyo.

Basi nikafanya ujanja. Nilimwambia Mama Klara kwamba nataka kumnoa sikio kwa ajili ya mashindano ya kwaya: yeye aweke simu sikioni, aisikilize sehemu ile ikiwa imepunguzwa mwendo, anitajie nota, mimi niandike, kisha nitamsahihisha. Alifurahi. Unamjua, ukimpa mtihani anavimba kichwa. Kwa wiki tatu, kila alasiri nikitoka kazini, yeye alikaa kwenye kigoda akinitajia, mimi nimeinamisha kichwa kwenye daftari nikiandika. Nilimwambia mara nyingi kwamba anakula maneno. Alisema mimi ndiye siku hizi nina mambo mengi kichwani.

Tukamaliza. Nikaanza kuipiga. Ilikuwa ya ajabu. Nilijaribu kuishusha kwenye nyuzi nene niisikie vizuri, ikawa ya ajabu vilevile: mahali ilipotakiwa kushuka hatua moja, ilikuwa inaruka juu kama mbuzi. Siku nyingine ningetupa karatasi. Lakini Dada, sikuwa na sikio la kubishana na karatasi. Na wimbo wenyewe nilikuwa nimeshaumeza na mi yake isiyoingia ndani. Nikajiambia, labda Wahispania ndivyo walivyo. Nikaufundisha mkono wangu kuruka kama mbuzi. Mwezi mzima wa tisa nilikuwa naufundisha mkono uongo, kwa bidii, na gundi kwenye kucha.

Siku mambo yalipolipuka ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa kumi. Mama Klara alikuwa uani anabangua karanga, mimi mlangoni napiga. Nikaona mikono yake imesimama. Akaniangalia hadi nikamaliza.

"Baba Klara, hiyo siyo."

Nikamwambia ndiyo hiyo, tena ameitaja mwenyewe. Akasema hajataja kitu kama hicho toka azaliwe. Nikaleta daftari. Akalishika kwa mikono yenye maganda, akapita na kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Hii l ni ya nini?"

"La. Si ulisema la?"

"Nilisema le."

"Ulisema la, Mama Klara."

"Le! Le ya do-le-mi! Ningesemaje la hapo, mimi kiziwi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Dada, wewe na mimi tumelelewa na le. Mwalimu Benjamini aligonga meza hadi ikapinda miguu akitaka re, darasa zima la Wasukuma likamjibu le. Haikuwahi kumpoteza mtu, kwa sababu le ni le na la ni la, kila mwenye masikio anajua ipi ni ipi. Lakini kwangu ile l ilikuwa inafika na mkia wake haufiki. Kalamu ikiandika herufi ya kwanza tu, l ikawa l. Ningekuwa nimeoa mtu wa pwani mwenye r inayokwaruza, ningeisikia ikikwaruza na kuandika r. Mke wangu ni Msukuma wa Solwa. Kila re ya Mzee Anselmo niliiandika la.

Mama Klara si mjinga. Ubishi ulimtoka usoni taratibu. Akaweka ungo chini, akaja nyuma yangu, akaniambia nigeukie ukuta. Nikakataa. Akanigeuza kwa mabega kama anavyomgeuza Klara akimsuka. Akasema le au la, nitaje. Nikataja. Akasema tena, nikataja. Nilikuwa nabahatisha na alijua nabahatisha, kwa sababu mtu anayesikia hafikirii. Kisha akakaa kimya. Nilingoja. Niliona anakawia kuuliza. Nikageuka kumwambia basi inatosha, na nikamkuta analia na midomo yake inatembea. Alikuwa hajakaa kimya. Alikuwa ameshusha sauti, na muda wote huo alikuwa anaendelea kunisemesha.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku duara, shimo la wachimbaji, lilipobomoka kwa jirani tukawachimbua watu kwa mikono.

Akalichukua gitaa, akalitikisa. Akaniuliza na hiki kinachokwaruza humu ndani ni nini, kimekuwa kikikwaruza tangu mwezi wa sita, yeye alidhani ni ufa. Mimi sikuwahi kukisikia. Akaligeuza tundu chini na kulitikisa mpaka karatasi ya daktari ikaanguka kwenye maganda ya karanga. Aliisoma akiwa amesimama. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nimeumbuliwa na gitaa langu mwenyewe.

Kwa siku tatu hakunisemesha. Nilitaka kumtania kwamba hata angenisemesha nisingejua, nikaona hapo nitakufa kabla ya masikio. Siku ya nne aliniwekea ugali, akakaa mbele yangu ili nimwone mdomo, akasema polepole: "Sikio la kufa halisikii dawa. Lako halijafa lote. Utachagua, Baba Klara, karasha au sisi." Kisha akaongeza kwamba kilichomuuma hakikuwa ugonjwa. Kilichomuuma ni kwamba wiki tatu alikaa kwenye kigoda akidhani namfundisha, kumbe namtumia kama fimbo ya kipofu bila kumwambia. Nilimwomba radhi. Nilisema kwa sauti kubwa mno, jirani akachungulia.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alienda kuleta daftari, akafungua ukurasa mpya, akasema tuanze upya, na safari hii hakuna le wala la. Akainua vidole: kimoja do, viwili re, vitatu mi, hadi saba. Simu sikioni, mkono mmoja hewani, mimi naangalia na kuandika. Katika kurasa nne tulikuta l arobaini na moja ambazo zilikuwa r. Kila alipoikuta moja alinionyesha vidole viwili karibu na pua, kama anataka kunitoboa macho, na mara ya tatu au ya nne tukaanza kucheka wote wawili mpaka tukashindwa kuendelea.

Kuufundisha mkono ni rahisi kuliko kuufundisha usahau. Hadi leo kidole cha tatu kinataka kuruka. Sasa ninapopiga sehemu ya juu siisikii, nasema kweli, nasikia kucha zangu kwa mbali na uzito wa uzi tu. Napiga nikimwangalia Mama Klara. Nikipotea anakunja pua. Nikipatia anaendelea kubangua karanga zake kama hakuna kilichotokea. Jumatano ya wiki iliyopita nilipiga wimbo wote, kuanzia dole gumba la mwanzo hadi kwenye mi ya mwisho, na hakuinua kichwa hata mara moja. Nikajua umeingia.

Kuna mahali pamoja pekee ambapo si pa Mzee. Karibu na mwisho anakohoa, na Mama Klara anasema kikohozi kimefunika nota mbili, hata yeye hazisikii. Tumeweka zetu, baada ya kugombana. Mwulize kama zinafaa, na umwambie apunguze sigara.

Kuhusu karasha. Jumatatu ya tarehe nne nilikwenda kwa Herman kumuaga. Yeye mwenyewe hasikii vizuri, ana miaka kumi na tano pale, kwa hiyo tulikaa ofisini kwake mlango umefungwa tukipigiana kelele kama tunagombana, na vijana wa nje wakadhani nimeiba mawe. Nilimwambia kwa nini naondoka. Akanijibu kwamba yeye anasikia vizuri tu. Wakati huo simu yake ilikuwa inaita mezani, mimi nikiiona ikiwaka, na wala hakuitazama. Nilimwonyesha kwa kidole. Dada, uso alioufanya sitausahau.

Sijui Januari itakuwaje. Mvua hizi tutalima shamba la baba kule Ibadakuli pamoja na Shangazi, mpunga bondeni na mahindi juu, na Klara atahamia shule ya kule. Nimezoea kujisifu kwamba siogopi, lakini safari hii naogopa, nakwambia wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea. Naogopa kwamba nimechelewa. Daktari alisema zilizobaki zinaweza kubaki. Hakusema zitabaki. Kila asubuhi kabla sijaamka naisikiliza nyumba, nahesabu nilichonacho: mlango, jogoo, sufuria, Klara akipita. Juzi sikumpata Klara. Mama Klara alisema alikuwa anatembea peku. Nimeamua kumwamini.

Shangazi Eufrasia anakusalimu sana, anasema novena aliipokea na goti lake limepona, kwa hiyo mfanye nyingine kwa ajili ya goti lako. Mama Klara anakusalimu. Klara anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko watu wanakula konokono. Nisalimie masista wote, na Mzee Anselmo mara mbili.

Nimebakiza jambo moja. Nililizungukia tangu juu kabisa ya barua hii. Sikuacha kupokea simu zako kwa sababu ya aibu peke yake. Sauti yako ni nyembamba, Dada. Iko palepale walipokuwa shomoro. Siku ile ya mwezi wa nane niliisikia kama mtu anayepumua nyuma ya ukuta, na nilipoitazama simu na kuona jina lako, nikatambua kwamba ningeweza kukupita njiani nisikujue. Nikaona bora simu iite tu. Ikiita bila kupokelewa, bado naweza kujidanganya kwamba sauti yako iko kamili ndani yake.

Sasa sikiliza. Sauti nene bado nazipata. Mama Klara alinipeleka kwaya tukapima, besi wote wanne nawasikia, hata nikigeukia ukuta. Unakumbuka baba alipokuwa zamu mgodini Mwadui, ulivyokuwa ukisimama nyuma ya mlango na kuivaa sauti yake, "Donatus! Umeoga?" na mimi nikakimbilia ndoo bila kuuliza? Ulikuwa na miaka kumi na mbili na ulikuwa na sauti ya mzee wa hamsini. Ivae tena. Masista wakikushangaa, waambie ni maradhi ya ukoo. Nipigie Jumapili, saa kumi alasiri ya huku, kwenu itakuwa saa nane mchana, na usiseme jambo lingine lolote kabla ya hilo. Nikilisikia, nitakujibu, halafu Mama Klara ataishika simu na mimi nitampigia Mzee wimbo wake.

Barua sijui itafika lini, wengine wanasema wiki tatu, wengine hadi Krismasi. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo nitakuwa nimekaa mlangoni na simu mkononi kila Jumapili, saa kumi kamili, nimeshaoga.

Mungu wa baba na mama akutunze huko ulipo, akulainishie goti, na asikuondolee sauti yoyote kati ya zote mbili alizokupa.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Donatus